Kabla Hujaketi Mezani kwa Larisa

Nekesa binti yangu,

Mambo ya pasipoti, soksi nzito na dawa ya kifua umeshaambiwa na mama yako, na shangazi zako, na hata na yule jirani wa mlango wa kijani ambaye hajawahi kuvuka Athi River. Mimi sina la kuongeza huko. Ninayotaka kukuambia ni mengine, na ningekuwa na ujasiri ningekuambia jana tulipokuwa tukifunga sanduku. Nilijaribu. Nikainama nikajifuta uso, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka, ukanipiga begani ukasema, "Buda, tulia, ni miaka minne tu." Nikaendelea kuvuta kamba.

Ni habari za Kapteni, yule wa kwenye picha.

Umekua ukiitazama ile picha iliyo juu ya redio: mimi kijana mwembamba wa shingo ndefu, na kando yangu mzee mrefu aliyevaa sare nyeusi ya jeshi la majini, mikono nyuma, hacheki. Tangu ukiwa mdogo nimekuambia huyo ni Gleb Arkadievich, mwalimu wangu kule Urusi ya wakati ule, Umoja wa Kisovieti, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake wa karibu. Ulizipenda hadithi zake kuliko za sungura na fisi. Kwa sababu yake ulichora meli kwenye madaftari ya hesabu, ukachapwa. Kwa sababu yake kesho unapanda ndege kwenda Bulgaria kusomea ubaharia. Basi ni haki yako kujua mtu huyo aliangukaje na nani alimwangusha.

Sehemu ya kwanza niliyokusimulia ni kweli. Mama yake alikuwa dobi katika mji mdogo ulio kando ya mto, baba yake alikufa vitani. Aliingia shule ya majini akiwa mtoto, kwa sababu huko angalau walilisha. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine bila mjomba wa kumshika mkono, mpaka akapewa manowari yake mwenyewe, na baadaye manowari kadhaa chini ya amri yake katika bahari ya kaskazini. Mabaharia walimwogopa na kumpenda. Alikuwa akijua majina ya mama zao.

Niliyokuficha yanaanzia hapo. Nilikuwa nikikuambia kwamba alistaafu kwa heshima ndipo akaja kutufundisha sisi wageni. Hakustaafu. Wakiwa kwenye mazoezi, moto uliwaka katika chumba cha injini cha meli moja. Meli za nchi nyingine zilikuwa karibu zikiwatazama, na amri ikatoka kwa wakubwa kwamba mazoezi yaendelee, msaada usiombwe. Yeye alitii. Vijana saba walikufa kule chini. Moto ulipozimwa alifungua kitabu cha safari cha meli akaandika kwa mkono wake saa amri ilipofika, ilitoka kwa nani, na kwamba yeye aliitii. Aliandika hivyo hivyo, "Nami nikatii."

Waliporudi bandarini akaambiwa ukurasa ule uandikwe upya. Akakataa. Sasa lazima nikueleze jambo ambalo utafundishwa wiki ya kwanza. Kitabu cha safari hakifutwi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, mwembamba, ili lililo chini liendelee kusomeka, kisha unaandika lililo sahihi na kutia sahihi yako kando. Hakuna kifutio, hakuna kuchana ukurasa. Kwa Gleb Arkadievich hiyo haikuwa kanuni ya kalamu tu. Alivuliwa amri ya meli zake kwa sababu ya ukurasa mmoja, akapelekwa kusini, Bahari Nyeusi, kufundisha dira na ramani kwa vijana kutoka Afrika na Arabuni ambao hawakujua hata barafu ni nini. Walimwachia sare, kwa masharti kwamba mdomo wake ubaki umefungwa.

Mimi nilikuwa mmoja wa vijana hao. Mtoto wa fundi wa reli, niliyetoka Makongeni na sweta moja, niliyeshangiliwa na wapangaji wa ploti nzima siku ya kuondoka kana kwamba nakwenda kuleta mvua. Alinipenda, sijui kwa nini. Labda kwa sababu niliuliza maswali mengi, labda kwa sababu nilikula sana. Jumapili alikuwa akinialika kwake, vyumba viwili kwenye ghorofa ya nne, chai nyeusi na jemu ya plamu inayoliwa kwa kijiko. Mkewe alikuwa mpole. Binti yao Larisa alikuwa na miaka kama kumi, nikamfundisha kuhesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, akawa anapanda ngazi akihesabu.

Jumapili moja nikamkuta peke yake. Mkewe alikuwa amempeleka mtoto kwenye somo la piano. Mezani kulikuwa na glasi saba ndogo, zimejazwa, hazikunywewa. Akaniketisha, akanisimulia yote niliyokuandikia hapo juu, polepole, akitumia Kirusi chepesi ili nisipitwe na neno. Akataja majina saba. Akasema mkewe anajua, na sasa mimi, basi. Hakuniambia nitunze siri. Aliona si lazima kumwambia hivyo mtu aliyekula kwake.

Sasa nakuja kwangu, na hapa, Nekesa, kalamu inaniwia nzito.

Wanafunzi wa kigeni tulikuwa na ruhusa ya kusafiri kwa treni mpaka Berlin wakati wa likizo. Tulikuwa tukirudi na suruali za jinzi tumezivaa tatu tatu, tunaziuza bwenini. Ilikuwa magendo, kila mtu alijua, na kila mtu alifanya. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilikuwa nikimtafutia mama yangu, huyo nyanya yako unayeitwa kwa jina lake. Uongo. Nilikuwa nikitafuta koti la ngozi. Nilikuwa nimeliona dirishani na nikajiona nimelivaa nikishuka Jogoo Road, watu wakitoka vibarazani. Nilikamatwa na jinzi nne, za kununulia koti.

Hawakunipiga. Hawakupaza sauti. Niliitwa katika ofisi ya chuo, kulikuwa na bwana mmoja mwenye miwani, akanimiminia chai, akaniuliza hali ya nyumbani. Akasema, kama mtu anayesimulia habari za hali ya hewa, kwamba kuna wanafunzi huwa wanarudishwa kwao kabla ya mtihani wa mwisho. Kisha akauliza kama mwalimu wangu, yule mzee, hunena lolote kuhusu kazi yake ya zamani.

Nilimwona mama yangu akinipokea uwanja wa ndege mikono mitupu. Nilimwona baba akiwaeleza wenzake wa karakana. Nikaomba karatasi.

Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Niliandika glasi saba. Niliandika yale majina, niliyoyakumbuka matano. Niliandika alivyosema amri ilitoka kwa nani. Yule bwana aliniuliza jambo moja, mimi nikampa matatu, maana nilitaka aone kwamba mimi ni kijana wa kutegemewa. Kuna neno la Kirusi sikuwa na hakika nalo, nikamwuliza kama nimeliandika sawa. Akasema, "Sawa kabisa. Unaandika vizuri." Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Jinzi zangu sikuulizwa tena. Wiki mbili baadaye akaingia darasani mwalimu mwingine, tukaambiwa Gleb Arkadievich ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Walimvua cheo, sare, malipo ya uzeeni na ile nyumba ya ghorofa ya nne. Mtu aliyewahi kuongoza manowari alipelekwa kuinua na kushusha kizuizi kwenye lango la bandari ya wavuvi.

Najua, kwa sababu nilipita pale. Ilikuwa majira ya baridi, tunakwenda mafunzoni kundi zima, nami nimevaa koti langu la ngozi, nimelipata hatimaye. Alikuwa amevaa kofia ya manyoya yenye sikio moja lililochanika. Alikagua vyeti vyetu kimoja kimoja. Alipofika kwangu alisoma jina langu lote, pole pole, akanirudishia. Akasema, "Funga vifungo. Upepo wa leo ni mbaya." Alikuwa akijua. Jumapili ile mezani tulikuwa wawili tu, hakuwa na mtu mwingine wa kumshuku. Wenzangu walikuwa wakitazama, na yule bwana wa miwani alikuwa na macho kila mahali. Sikumjibu. Sikumwamkia, mimi niliyefundishwa na mama yangu kumwamkia hata kichaa wa sokoni. Nilitazama mbele kama nisiyemjua, nikapita. Hiyo ndiyo sekunde ninayoionea aibu kuliko ile karatasi. Karatasi niliandika kwa woga. Salamu nilimnyima hivi hivi tu.

Nilihitimu vizuri. Nikarudi nyumbani. Hapa pia nilikudanganya. Nilikuambia kazi ya baharini iliisha kwa sababu meli ziliuzwa. Nilipata kazi, msaidizi wa nahodha kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikizunguka pwani yetu. Zamu moja nilikosea, nikaandika mahali ambapo meli haikuwapo. Si kosa kubwa, mstari mmoja ungetosha. Lakini nilitaka kitabu changu kiwe safi. Nikachukua wembe, nikakwangua karatasi taratibu, nikaandika juu yake. Nahodha aliinua ule ukurasa kwenye mwanga, akauona umekuwa mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Akaniuliza nani alinifundisha kazi. Sikuthubutu kutaja jina. Nilishushwa bandari iliyofuata, na hakuna meli iliyonichukua tena.

Ndivyo nilivyorudi Makongeni nikawa karani wa stoo. Na hapo ndipo nilipotenda jambo la kijinga kuliko yote. Vijana wa mtaa waliniona na lile koti, wakanisikia nikisimulia manowari na barafu, wakaanza, "Niaje, Kapteni." Sikuwakatiza. Ningeweza kuwaambia mimi sikuwahi hata kuwa nahodha wa mtumbwi. Niliinua mkono, nikaitika. Nimeitika miaka yote hii. Kinyozi huniita Kapteni, mchungaji huniita Kapteni kanisani, kwenye harusi hutangazwa kwa kipaza sauti kwamba Kapteni ameketi. Nilimnyang'anya mtu kila kitu kisha nikavaa na cheo chake. Mama yako peke yake ndiye huniita Wafula, na kila akiniita hivyo moyo wangu hupumua.

Nilidhani nitakufa na jambo hili moyoni. Ungeniacha nife nalo, Nekesa, kama si simu yako hiyo. Ulisoma jina kamili la mwalimu wangu nyuma ya picha, ukalitafuta mtandaoni, ukampata Larisa, mwanamke mzima sasa, ameolewa Varna, mji ule ule utakaosomea. Siku uliyoniambia ulikuwa ukirukaruka jikoni. "Buda, huwezi amini! Anakukumbuka! Anasema bado anajua kuhesabu mpaka kumi!" Ukatusomea ujumbe wake mimi na mama yako tukila ugali. Kwamba atakuja kukupokea mwenyewe uwanja wa ndege. Kwamba utakaa kwake mpaka chuo kifungue mabweni, ana chumba, ana meza kubwa. Kwamba baba yake alifariki akiwa bado ana nakala ya picha yetu. Na kwamba nyumbani kwao hawakuwahi kujua nani alimchongea. Mama yake alimwuliza miaka nenda miaka rudi. Kila mara alijibu kwamba ni yeye mwenyewe, alilewa sokoni akaropoka.

Uliinua macho ukaniuliza, "Kwani alikuwa anakunywa?" Nikasema sijui, nikaondoka mezani, nikasema tumbo.

Hakuwa mlevi. Glasi zile hakuzigusa. Mtu aliyekubali kuvuliwa meli zake kuliko kubadilisha ukurasa mmoja alidanganya jambo moja tu ninalolijua, akajipaka matope mbele ya mke wake na mtoto wake, na ni mimi aliyekuwa akinificha. Sijui kwa nini. Labda hakutaka binti yake akue akichukia mtu. Labda alinihurumia, nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma. Wa kunijibu ameshazikwa.

Tangu siku ile nimekuona ukipanga zawadi ya Larisa, ile kanga ya mama yako na kahawa, nami nikawa nahesabu siku. Niliwaza kukupa barua umpelekee. Halafu nikaona huo ni uoga ule ule, kumtuma mtoto akabisha hodi na aibu ya baba yake mkononi. Niliwaza kunyamaza. Kapteni mwenyewe alinyamaza, nani amenituma nivunje alichokificha? Hilo bado sijalimaliza moyoni. Huenda nimemkosea mara ya pili. Lakini kila nilipokuona katika akili yangu umeketi kwenye ile meza, yule mama akikujazia sahani, akikuuliza habari zangu mimi, rafiki wa babake, nawe ukijibu kwa furaha hadithi zangu, nilihisi ninakuweka wewe kwenye kiti changu.

Kwa hiyo leo alasiri ulipokuwa Makadara ukisukwa nywele, nilimwandikia Larisa mwenyewe. Nilichukua namba yake kwenye kile kikaratasi ulichobandika kwenye friji. Kirusi changu kimechakaa, lakini nilimaliza. Nilimwambia glasi, karatasi, lango, yote. Nilimwambia wewe hujui lolote na kwamba huna hatia. Nikaandika jina langu lote mwisho, nikatuma kabla sijasita.

Mama yako nilimwambia baada ya kutuma. Hakuwa akijua naye. Alizikunja upya zile blauzi zako zilizokuwa zimeshakunjwa. Kisha akasema, "Ungengoja mtoto afike, alale, ale. Sasa umemfungia mlango ili wewe upate usingizi." Huenda ana haki. Nilimwambia tu kwamba mlango ule ukifunguliwa kwa uongo utakuja kufungwa ukiwa ndani, na hapo utaumia zaidi. Akasema hayo ni maneno ya mtu anayejua kusema.

Sitakupa mafundisho marefu, sina hadhi hiyo. Nitakuambia tu nilichokiona. Siku mbaya kuliko zote maishani mwangu haikuja na kelele. Ilikuja na chai, na mtu mwenye adabu, na swali dogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa simba, nikakutana na kikombe. Na ukikosea, kwa maana utakosea, wewe ni mtu na ni mtoto wangu, kosea waziwazi. Piga mstari, tia sahihi, endelea na zamu. Ule wembe usiuguse.

Sasa lililobaki ndilo gumu. Larisa amesoma ujumbe wangu. Zile alama mbili kwenye simu zimegeuka bluu tangu saa kumi na moja jioni. Hajajibu neno.

Kwa hiyo kesho utakapotoka na sanduku lako pale Varna, mtafute yule aliyesema atasimama na kibao chenye jina lako. Akiwepo, basi amekuja akijua wewe ni mtoto wa nani, na hiyo ni heshima ambayo mimi sikuistahili na wewe usiichukulie kimchezo. Usinitetee kwake. Akitaka kulia, mwache alie. Akikuuliza swali, mjibu unalolijua, basi.

Asipokuwepo, usimngoje. Usidhani amechelewa, usimpigie, usimlaumu hata moyoni. Nimekuwekea ndani ya bahasha hii anwani ya hosteli moja karibu na chuo, nimewapigia wakasema wana kitanda. Utakuwa umesimama peke yako katika nchi ya watu, kwenye baridi, na ni mimi niliyekufanyia hivyo, si yeye. Kasirika, una haki. Ila ukishafika kitandani nipigie, hata kama ni kunigombeza. Nitapokea.

Baba yako,
Wafula